EUMETView na maji ya Jangwani: tathmini baada ya misimu miwili ya masika

Nina magari matatu madogo ya mizigo, yale tunayoyaita kirikuu, yanayobeba saruji, unga na mabati kutoka Kariakoo kwenda Kimara, Mbezi na Goba, na kwa sababu hiyo riziki yangu imefungwa kwenye kipande kifupi sana cha Barabara ya Morogoro, pale Jangwani, barabara inapokatiza bonde la Mto Msimbazi. Mvua ikinyesha ya kutosha, maji hupanda barabarani, polisi hufunga njia, mabasi ya mwendokasi husimama, na gari lenye mzigo wa mteja hubaki kwenye foleni likiwa limefunikwa turubai ambalo kila mwaka naahidi kulibadilisha. Kwa mtu wa kazi yangu, kujua kama masika ya mwaka huu yatakuwa ya wastani au juu ya wastani kunasaidia kidogo tu. Swali langu ni dogo na huulizwa kila siku karibu saa sita mchana: gari likiondoka sasa hivi, litapita?

Huduma ninayoitathmini hapa ni EUMETView, tovuti ya bure ya EUMETSAT, ambalo ni shirika la nchi za Ulaya linaloendesha setilaiti za hali ya hewa kutoka makao yake makuu Darmstadt, Ujerumani. Nimeitumia kwa misimu miwili ya masika na vuli moja iliyokuwa katikati yake, nikiwa na simu ya kawaida na bando la kawaida, bila elimu ya hali ya hewa zaidi ya jiografia ya sekondari na mambo niliyojifunza kwa kukosea. Niseme mapema kwamba tovuti hii haidai kutabiri chochote. Inaonyesha picha za mawingu kama setilaiti ilivyoyaona muda mfupi uliopita, na kazi ya kukisia wingu litakuwa wapi baada ya saa moja au mbili inabaki kwa mtazamaji. Wataalamu huuita utabiri wa namna hii utabiri wa muda mfupi sana, yaani wa kuanzia sasa hadi saa sita zijazo, na muda huo unalingana na tabia ya adui mwenyewe, kwa kuwa mafuriko ya ghafla ni yale yanayotokea ndani ya saa sita tangu mvua iliyoyasababisha inyeshe.

Kuingia hakuhitaji kujisajili wala kulipa. Ramani hufunguka, unachagua tabaka la picha unalolitaka, kisha unasogeza kishale cha muda kurudi nyuma ili uone picha zikifuatana kama filamu fupi. Maelezo yote yako kwa Kiingereza, na majina ya matabaka yameandikwa kwa lugha ya watu wa fani, hivyo wiki ya kwanza mtu hujihisi kama mgeni aliyeingizwa stoo ya vipuri akaambiwa achague mwenyewe. Mpakani mwa nchi kavu na bahari kuna mstari, na huo ndio uliokuwa mwongozo wangu wa mwanzo: ukishakizoea kisiwa cha Unguja, ambacho kina urefu wa kilomita 85 hivi, na Mafia iliyoko kusini, macho yanajifunza kuipata Dar es Salaam katikati yake bila kutafuta jina.

Uamuzi wa kwanza, na ambao watu wengi huukosea, ni setilaiti ipi ya kuangalia. EUMETSAT ina Meteosat inayokaa juu ya ikweta kwenye longitudo sifuri, yaani juu ya Ghuba ya Guinea, na nyingine inayotazama Bahari ya Hindi. Zote ziko umbali wa kilomita 36,000 hivi kutoka ardhini na huzunguka sawasawa na dunia, hivyo hazihami mahali pake. Ya Bahari ya Hindi tangu 2022 ni Meteosat-9, iliyowekwa kwenye longitudo ya nyuzi 45.5 mashariki. Dar es Salaam iko kwenye nyuzi 39 na kitu. Maana yake ni kwamba Meteosat-9 inatutazama karibu kutoka utosini, ilhali ile ya longitudo sifuri inatuona kwa ubavu.

Tofauti hiyo inastahili kufafanuliwa, kwa sababu ndiyo iliyobadilisha jinsi ninavyoitumia tovuti nzima. Abiria aliyekaa kiti cha pembeni mwa dereva akiutazama mshale wa mafuta kwenye dashibodi huuona umesogea kuliko unavyoonekana kwa dereva mwenyewe, na ubishi wa kama tenki lina robo au nusu huanzia hapo. Wingu la ngurumo katika ukanda wetu linaweza kuwa na kilele kilicho kilomita 15 juu ya ardhi. Setilaiti inapolitazama kutoka magharibi kwa pembe ya karibu nyuzi 46, mstari wa macho yake hupita kileleni mwa wingu na kugonga ardhi upande wa mashariki zaidi, kwa hiyo picha hulichora wingu hilo kilomita 15 hivi mashariki ya mahali lilipo hasa. Wingu linaloonekana limekaa juu ya Kariakoo kumbe liko Kimara. Linaloonekana juu ya Pugu kumbe liko nyuma ya vilima, ambako maji yake mengi hayashuki kwenye Msimbazi. Ukichukua Meteosat-9 kosa hilohilo linapungua hadi kilomita tatu, ambazo ni sawa na pikseli moja tu ya picha yake, yaani kimoja cha vile vijiraba vinavyoiunda picha. Kwa mtu anayeangalia dhoruba ya nchi nzima, kilomita 15 ni kitu kidogo. Kwa mto ambao bonde lake lote linaingia ndani ya pikseli chache, kilomita 15 ndizo jibu lenyewe.

Msimbazi ni mto mfupi. Unaanzia kwenye vilima vya Pugu upande wa Kisarawe, unapita pembezoni mwa Gongo la Mboto, Vingunguti na Tabata, unashuka Kigogo na Jangwani, kisha unaingia baharini pale Daraja la Salenda. Njiani unapokea maji ya vijito vya upande wa Ubungo na Sinza. Mtu aliyesimama Jangwani akitazama juu anatazama mahali pasipohusika, kwa kuwa maji yatakayomfikia yanadondoka kilomita 15 au 20 kutoka aliposimama. Nilipolielewa hilo niliacha kabisa kuangalia kama kuna wingu juu ya mjini, nikawa naangalia pikseli sita au saba za kusini magharibi. Kwa uzoefu wangu, mvua nzito ikianza kule juu, ninayo saa moja hadi saa mbili na nusu kabla maji hayajaanza kula ukingo wa barabara, na muda huo unatosha kabisa kumpigia dereva simu.

Siku iliyonifanya niiheshimu huduma hii ilikuwa ya mwezi wa Aprili. Kariakoo jua lilikuwa linawaka, watu wamefungua miamvuli kwa ajili ya joto. Kwenye simu niliona kidoa cheupe juu ya Pugu ambacho katika picha tatu zilizofuatana hakikusogea, ila kilikuwa kinapanuka, duara lake likizidi kuwa kubwa na katikati yake pakizidi kuwa peupe. Nilimpigia dereva wangu, mtu mzima kuliko mimi, aliyekuwa anamalizia kupakia.

"Mzee wangu, usishuke Jangwani. Zungukia Buguruni, ushike Mandela hadi Ubungo."

"Mama, mbona huku kweupe kabisa?"

"Huko kweupe. Pugu kumefungana."

Alikwenda Buguruni kwa shingo upande, maana njia hiyo ni ndefu na mafuta ni yale yale niliyompa. Alipokuwa anashusha mzigo Kimara, Jangwani ilikuwa imefungwa.

Sasa nieleze pia siku iliyonitia hasara, na lawama ni yangu mwenyewe. Saa zinazoandikwa kwenye picha ni za UTC, yaani saa za kimataifa, ambazo ziko nyuma ya saa zetu kwa saa tatu. Katika masika yangu ya kwanza nilifungua tovuti saa sita na dakika ishirini mchana, nikaona picha imeandikwa 09:00, nikasema moyoni kwamba hii ni ya asubuhi, imepitwa na wakati, nikaizima. Ilikuwa picha ya saa sita kamili, mbichi kabisa, na ndani yake wingu lilikuwa limekaa pale pale linapokaaga. Mifuko 18 ya saruji ililowana kwenye foleni, na saruji ikishalowana mfukoni huwa jiwe, hakuna cha kuanika. Tangu siku hiyo nimebandika karatasi ukutani: kwa saa ya simu ongeza tatu, kwa saa ya Kiswahili toa tatu. Picha iliyoandikwa 12:15, kwa saa ya simu ni 15:15, na kwa kinywa chetu ni saa tisa na robo alasiri. Sisi tunaohesabu saa kuanzia jua linapochomoza tumepata hesabu nyepesi kuliko wenzetu, ila ukisahau ni ya kujumlisha au ya kutoa, imekula kwako.

Kuhusu matabaka, ninayatumia mawili tu na sioni haja ya mengine kwa kazi yangu. La kwanza ni la infraredi, ambalo kimsingi hupima ubaridi wa kilele cha wingu. Kadiri wingu linavyopanda juu ndivyo kilele chake kinavyokuwa cha baridi, na mawingu makubwa ya ngurumo ya kwetu hufika nyuzi 70 chini ya sifuri na hata kupita. Picha huyachora kwa weupe mkali. Faida yake kubwa ni kwamba inafanya kazi usiku na mchana, na kwa pwani yetu usiku una uzito wake, kwa sababu mvua nyingi za masika hukusanyika juu ya bahari usiku wa manane na kufika nchi kavu alfajiri, wakati yale mawingu ya bara hupenda kuumuka mchana baada ya ardhi kupata joto. La pili ni picha ya rangi mchanganyiko iliyotengenezwa mahususi kwa mawingu ya ngurumo. Hilo ni la mchana tu, kwa kuwa linahitaji mwanga wa jua. Ndani yake wingu changa lenye nguvu, ambalo hewa inapanda kwa kasi na kuunda chembe ndogo za barafu kileleni, huonekana la manjano. Wingu kubwa lililozeeka halina manjano hayo. Nikiona manjano yanachipuka kama ndui juu ya Kisarawe, sisubiri picha inayofuata.

Kukisia mwendo ni hesabu ya darasa la saba. Meteosat-9 hutoa picha kila baada ya dakika 15, na pikseli moja kwetu ni kilomita tatu hivi. Ukingo wa wingu ukisogea pikseli mbili kati ya picha moja na nyingine, unakwenda kilomita sita kwa robo saa, yaani kilomita 24 kwa saa. Unachora mstari mbele, unapata makadirio. Mstari huo hunifaa kwa saa moja, hunifaa nusunusu kwa saa mbili, na baada ya hapo naona ni kubahatisha, kwa kuwa wingu moja la ngurumo mara nyingi huzaliwa na kufa ndani ya saa moja na lingine huchipuka pembeni mwake mahali ambapo mstari wangu haukupita. Wageni wa huduma hii huliogopa wingu linalokimbia. Mimi linalonitisha ni lililokaa, kwa sababu linalokimbia humwaga kidogo kila mahali, ilhali lililokaa linamwaga yote kwenye bonde moja.

Udhaifu wa picha hizi hautokani na tovuti. Unatokana na fizikia, na mtu asiyeujua atailaumu huduma bure. Infraredi inaona paa la wingu na haioni mvua inayotoka chini yake. Dhoruba inapokomaa, kilele chake hutandazwa na upepo wa juu kama paa la bati lililozidi ukuta, likawa shuka jeupe la mamia ya kilomita ambalo chini ya sehemu yake kubwa hakuna hata tone. Mara mbili tatu nimewazuia madereva kwa sababu ya shuka la namna hiyo na wateja wakanuna. Kinyume chake ni kibaya zaidi: mvua ya mawingu mafupi. Hewa yenye unyevu ikitoka baharini na kusukumwa dhidi ya vilima, kama inavyotokea Usambara na Uluguru na kwa kiasi fulani hata hapa pwani, inaweza kutoa mvua nzito kutoka kwenye wingu ambalo kilele chake si cha baridi sana. Kwenye picha ya infraredi wingu hilo ni la kijivu, halitishi, na huku nje watu wanakinga ndoo. Kwa mvua ya aina hiyo tathmini yangu ni kwamba picha hizi hazina msaada, na mtu afuate macho yake na taarifa za mamlaka.

Nilijaribu pia makadirio ya mvua yenyewe kwa milimita. Kuna setilaiti nyingine, zinazozunguka chini zaidi, zenye vipimo vya maikrowevu vinavyopenya wingu na kugusa mvua. Mashuhuri kati ya hizo ni setilaiti kuu ya GPM, mpango wa kupima mvua duniani kote, iliyorushwa Februari 2014 kwa ushirikiano wa Marekani na Japani. Tatizo ni kwamba setilaiti za namna hiyo hupita na kuondoka, hazikai juu yetu, na bidhaa inayoziunganisha zote, IMERG, katika toleo lake la haraka hutoka saa nne hivi baada ya mvua kunyesha, ikiwa na pikseli za kilomita 10 hivi. Kwa mtafiti anayetaka kujua Desemba 2011 ilikuwaje, mwaka ambao mafuriko yaliua zaidi ya watu 40 Dar es Salaam na familia nyingi za Jangwani zikahamishiwa Mabwepande, data za aina hiyo ni hazina. Kwa dereva aliye kwenye foleni, saa nne baadaye ni habari za jana.

Jambo jingine ambalo picha haiwezi kukupa ni hali ya ardhi. Milimita 40 zikinyesha kwenye udongo mkavu mwanzoni mwa masika huenda Msimbazi usistuke, na milimita 40 zile zile zikinyesha baada ya wiki mbili za mvua zikaufunga mji. Mfumo wa Shirika la Hali ya Hewa Duniani wa kuelekeza maonyo ya mafuriko ya ghafla umejengwa juu ya hoja hiyo hiyo: kila bonde dogo hukokotolewa kiasi cha mvua ambacho, kikinyesha ndani ya saa moja, tatu au sita, kitaujaza mto hadi kwenye kingo zake, na kiasi hicho hubadilika kulingana na udongo ulivyoshiba maji, kisha hulinganishwa na mvua iliyokadiriwa na setilaiti. Mfumo huo ni wa wataalamu wa hali ya hewa na siuoni kwenye simu yangu. Mimi ninachofanya ni kuandika kwenye daftari la mafuta siku ngapi mfululizo zimenyesha. Zikifika tatu, hata kidoa kidogo Pugu nakichukulia kwa uzito.

Halafu kuna makalvati. Tarehe 29 Aprili 2024 huko Mai Mahiu, Kenya, maji yaliyokuwa yamejikusanya nyuma ya tuta la reli, baada ya njia yake ya kupitia chini kuziba, yalipasuka usiku na kuua zaidi ya watu 40. Setilaiti iliyoitazama mvua ya usiku ule isingeweza kuliona kalvati lililoziba. Chupa za plastiki na mchanga unaojaza mkondo wa Msimbazi nao hauonekani kutoka kilomita 36,000, na kila mtu wa Kigogo anajua kwamba mvua ile ile ya mwaka juzi leo inapanda juu zaidi.

Ukilinganisha na njia nyingine, EUMETView inasimama mahali pa kipekee kidogo. Programu za kawaida za simu hunipa asilimia ya mvua ya mchana kutwa, takwimu ambayo sijawahi kujua niifanyie nini: asilimia 60 ya mvua ina maana gari liende au lisiende? Niliwahi pia kulipia kwa miezi mitatu programu moja, ambayo sitaitaja, iliyojinadi kuwa inaonyesha rada ya moja kwa moja ya Dar es Salaam. Mawingu yake yalikuwa yanasogea kwa ulaini wa kupendeza hadi siku moja nilipoweka simu mbili sambamba na kugundua kwamba ni picha ile ile ya setilaiti, imepakwa rangi za rada, imechelewa, na katikati ya picha mbili programu inabuni mwendo wake yenyewe. Nililipia ninachokipata bure.

Rada ya kweli ingekuwa bora kuliko yote kwa jambo hili, kwa kuwa yenyewe inayapima matone ndani ya wingu. Tanzania inazo, Dar es Salaam na Mwanza zikiwa za mwanzo, na wataalamu wa Mamlaka ya Hali ya Hewa Tanzania (TMA) huzitumia. Hata hivyo bara zima liko nyuma: hesabu inayotajwa mara nyingi ni rada 37 kwa Afrika yote dhidi ya 291 za Amerika Kaskazini na 345 za Ulaya. Pengo hilo ndilo lililowafanya watu wa Google watengeneze mfumo wa akili mnemba unaojifunza mvua kutokana na picha za setilaiti za aina hii hii pamoja na vipimo vya GPM, na mwaka 2025 wakauweka kwenye huduma yao ya utafutaji kwa watumiaji wa Afrika, ukitoa makadirio ya kila dakika 15 kwa vipande vya kilomita tano, hadi saa 12 mbele. Nimeanza kuutazama sambamba na picha zangu. Kwa mtu asiyetaka kujifunza kusoma mawingu, aanzie huko. Mimi napenda kuliona wingu lenyewe, kwa kuwa likikosea najua limekosea wapi.

Taarifa za TMA sizihesabu kama mshindani wa chochote nilichokitaja. Wao ndio wenye mamlaka ya kutoa angalizo, tahadhari na tahadhari kubwa, na rangi zao za njano, chungwa na nyekundu ndizo zinazonifanya asubuhi niamue kama leo nitafungua simu kila robo saa au nitaifungua mara mbili tu. Ila inafaa msomaji akumbuke kwamba kipimo cha mvua kubwa katika taarifa hizo ni zaidi ya milimita 50 ndani ya saa 24. Milimita 50 zilizogawanywa mchana na usiku ni baraka kwa mwenye shamba. Zikidondoka zote kati ya saa saba na saa nane mchana juu ya Pugu, ni shughuli nyingine. Taarifa ya siku inanipa siku yenyewe, picha ya setilaiti inanipa saa. Kimbunga Hidaya kilipokaribia Mafia mwanzoni mwa Mei 2024, vyote viwili vilisema kitu kimoja na sikuhitaji kusoma pikseli; nilifunga ofisi.

Kwa gharama, sijapata huduma ya bei nafuu kuliko hii. Ninachotumia ni bando, nalo haliumi iwapo unaangalia eneo dogo na picha tano sita za mwisho badala ya kuendesha filamu ya siku nzima. Kwa mtu mwenye gari la abiria, fundi wa kumwaga zege, mwenye banda la sherehe, mama anayeanika dagaa au mwalimu anayewaruhusu watoto wavuke kijito kurudi nyumbani, naipendekeza, kwa sharti kwamba atenge wiki mbili za kuitazama bila kuitegemea, akilinganisha anachokiona na kinachotokea nje. Kwa mtu anayetaka kujibiwa ndiyo au hapana, siipendekezi.

Limebaki jambo moja ambalo bado silitolei hukumu. Meteosat-12, ya kizazi kipya, ilirushwa kutoka Kourou, Guyana ya Ufaransa, tarehe 13 Desemba 2022 na inatazama kutoka longitudo sifuri kila baada ya dakika 10. Pikseli zake za infraredi ni za kilomita mbili zikipimwa chini yake moja kwa moja, ingawa zikifika Dar es Salaam zimekwisha kuvutika hadi karibu kilomita tatu kwa sababu ya ule ubavu, na kosa la kilomita 15 liko pale pale, hivyo kwa sura ya wingu sioni sababu ya kuhama kutoka Meteosat-9. Kinachonivutia ni kifaa chake cha kuhesabu radi, ambacho kinaona mimweko ya umeme mchana na usiku hadi huku kwetu. Wingu la shuka lisilo na mvua kwa kawaida huwa na radi chache, wingu la ngurumo linalofanya kazi huwa nazo nyingi, kwa hiyo kwa nadharia kifaa hicho kinapaswa kuniondolea zile siku za kuwazuia madereva bure. Nimeanza kuweka picha hizo mbili pamoja tangu vuli, nikiandika daftarini radi ilionekana saa ngapi na Jangwani maji yalifika saa ngapi. Mistari niliyo nayo hadi sasa ni tisa.